Kulala Garini Mbulu na Hanang: Je, Inalipa?

Ndugu zetu waliozoea likizo za Ulaya wakirudi nyumbani huja na wazo moja: kwa nini tusikodi gari la kulala tukazunguka nalo Manyara yote? Babati, Katesh, Basotu, Haydom, Mbulu, halafu Karatu na kurudi Arusha. Kitanda kipo, jiko lipo, hakuna kuhangaika na gesti. Kwa Ujerumani au Uingereza hesabu hiyo inasimama. Hoteli ya kawaida kule hufika euro 100 kwa usiku bila jasho, na kiwanja cha kuegesha gari la kulala hulipiwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Familia ya watu wanne ikilala garini wiki mbili, akiba inaonekana. Huku kwetu hesabu inapinduka, kwa sababu katika safari nzima ya Mbulu na Hanang hakuna kitu rahisi kuliko kitanda. Kilicho ghali ni gari lenyewe, na kilicho adimu ni barabara.

Tuliondoe kwanza gari la kulala la Kizungu, lile lenye choo, sinki na kabati, kwa kuwa kuna watu wanaofikiria kuliagiza. Lami itakufikisha Babati na hata Katesh bila shida; barabara ya Minjingu, Babati hadi Singida ni nzuri. Tatizo huanza ukiiacha lami. Kupanda Mbulu kutoka upande wa Ziwa Manyara unakata kona mahali paitwapo Mbuyu wa Mjerumani, unapita Magara, kisha unaukwea ukuta wa Bonde la Ufa. Sehemu kali za mlima huo zimemwagwa zege, na zege lenyewe ni ushahidi kwamba changarawe ilishindwa. Magari ya kulala yana mkia mrefu nyuma ya tairi za mwisho, na bodi yake iko chini. Kwenye kona ya mlima, pale pua inapoanza kupanda, mkia ndio unaokwangua ardhi, na nyuma huko ndiko mara nyingi yaliko matangi ya maji machafu. Ukivuka hapo salama, jiko linakusubiri: mitungi ya gesi inayobadilishwa kwenye maduka ya Katesh na Mbulu ni ya kilo 6 na kilo 15, na kichwa chake hakiingiliani na mipira ya gari lililotengenezewa Ulaya mpaka fundi akutafutie adapta. Choo cha dawa nacho kinahitaji mahali pa kumwagia. Hakuna, na kumwaga dawa zile kwenye shimo la choo cha kijiji ni kumharibia mwenyeji.

Kinachobaki ni kile kinachokodishwa kweli Arusha: Land Cruiser, au RAV4 kwa mwenye mfuko mdogo, lenye hema linalokunjwa juu ya paa. Hiki ni kifaa cha akili, na inafaa kueleza kinavyofanya kazi kabla ya kukihukumu.

Hema la paani lina sakafu ya ubao au aluminiamu, godoro la sponji na ngazi. Kwa wastani lina uzito wa kilo 50 hadi 70. Ongeza karia ya kulibebea. Gari dogo aina ya RAV4 kwa kawaida huruhusiwa kubeba paani kilo kati ya 75 na 100 likiwa linatembea, kwa hiyo hema na karia peke yake vinaweza kumaliza ruhusa yote. Jerikeni la maji lita 20 likiwekwa juu, mara nyingi umeshazidisha. Wengi huuliza: mbona watu wawili hulala juu na paa halibonyei? Gari likisimama, paa linabeba uzito mtupu. Likitembea, kila shimo na kila kona huuzidisha uzito huo na kuuvuta pembeni. Uzito ukiwa juu, gari huyumba. Kwenye kona za Dareda kupanda Dongobesh dereva huihisi tofauti hiyo mikononi, na ndiyo maana aliyezoea hushusha mwendo kuliko gari tupu linavyohitaji.

Jioni unatafuta mahali sawa. Ukilala gari likiwa limeinama, usiku kucha unateleza kuelekea upande mmoja, hivyo unatia mawe bapa chini ya tairi mbili mpaka sakafu ikae sawa. Uwanda wa juu wa Mbulu una upepo, hasa Juni hadi Agosti, kwa hiyo unageuza gari hadi upande wa hema uliofungwa uutazame upepo, la sivyo turubai litapigapiga hadi asubuhi. Usiku wa Julai ni wa baridi kali. Blanketi moja halitoshi, na mtu wa Dar es Salaam ataapa hakuambiwa.

Friji ndiyo inayosifiwa zaidi na wakodishaji, nayo ndiyo ninayoiona haina kazi. Friji ndogo ya gari hula ampea-saa 30 hadi 45 kwa siku. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, maana yake una siku moja na ziada kidogo kabla ya kuwasha injini. Paneli ya sola ya wati 100 hurudisha karibu kiasi hicho jua likiwa kali, lakini asubuhi za ukungu kando ya msitu wa Nou hazina jua hilo. Na yote hayo ili kuhifadhi nini? Nyama ya Katesh unainunua imechinjwa leo. Maziwa yapo, mayai yapo, mboga zinatoka shambani. Kupika kwenyewe kuna adhabu yake: kwenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, na maharage yatakula gesi yako mpaka ukome. Mgahawani sahani ya ugali, maharage na mchicha inakufika ikiwa moto kabla hujamaliza kunawa.

Sasa pesa. Nichukue watu wawili, mzunguko wa kilomita kama 650, siku sita, usiku tano. Land Cruiser lenye hema hukodishwa kwa dola 120 hadi 200 kwa siku kutegemea msimu na hali ya gari, tuseme 150. (Tangu kanuni za Machi 2025 bei za ndani zinatakiwa kutajwa kwa shilingi, lakini biashara hii bado inawaza kwa dola.) Tukikadiria dola moja kwa shilingi 2,550, siku sita ni kama shilingi 2,295,000. Injini kubwa ya dizeli kwenye njia hizi, tuipe lita 100. Kwa makadirio ya shilingi 3,000 kwa lita ni 300,000. Kiwanja cha kuegesha na kuoga, tuseme 20,000 kwa usiku, ni 100,000. Jumla inakaribia 2,700,000.

Upande wa pili, RAV4 la kawaida lisilo na hema, tuseme 150,000 kwa siku, ni 900,000. Lita 75 za petroli kwa makadirio yale yale ni 225,000. Gesti safi yenye maji ya moto, tuseme 35,000 kwa usiku, ni 175,000. Jumla ni 1,300,000. Tofauti ikigawanywa kwa usiku tano, kila usiku wa hemani umekugharimu takriban shilingi 280,000 zaidi ya usiku wa gesti. Badilisha makadirio yangu utakavyo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na wakodishaji wanapatana. Pengo litapungua, halitafutika.

Hapa msomaji makini atanikamata: tofauti kubwa imetokana na Land Cruiser, si hema. Ni kweli. Swali la hema kumbe ni swali la gari: je, unahitaji Land Cruiser? Kiangazi, Juni hadi Oktoba, kwa mzunguko huu jibu ni hapana, mradi RAV4 lina foo wili na tairi nzima. Masika ni habari nyingine. Tambarare za Basotu, zilikolimwa ngano kwa mashine kubwa enzi za shirika la umma la kilimo NAFCO na msaada wa Kanada, zina udongo mweusi wa mbuga. Ukikauka hupasuka nyufa. Ukilowa huvimba na kunata, tairi inajivika tope mpaka kashata zake hazionekani. Hata Land Cruiser hukwama humo, na likikwama likiwa na kilo 70 paani ni kazi zaidi kulinasua. Mikataba mingi ya kukodi haifidii tairi, vioo wala uharibifu wa chini ya gari. Usome kabla ya kutia sahihi.

Kasoro kubwa ya gari la kulala haionekani kwenye hesabu yoyote ya fedha. Nyumba na miguu vimekuwa kitu kimoja. Umeegesha Katesh, hema limefunguka, godoro limetandikwa, mawe yako chini ya tairi. Mara unagundua kibali cha kupanda Mlima Hanang kinatolewa ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) mjini, au mwenzio anaumwa tumbo usiku. Lazima ukunje nyumba yote ndipo uende. Aliyelala gesti anachukua funguo na kuondoka, au anaita bodaboda. Na jambo la kuchekesha ni kwamba wengi wa wenye mahema ya paani Hanang huishia kuegesha ndani ya uzio wa gesti hiyohiyo, kwa ajili ya choo, bafu na mlinzi, wakilipa zaidi ya nusu ya bei ya chumba wasichokilalia.

Ukitaka kuona gari la kulala linalolipa, nenda mnadani. Wafanyabiashara wa mitumba, vyombo na nafaka huzunguka na Fuso na Canter kutoka mnada hadi mnada. Jioni utingo hukaza turubai juu ya marobota, hulala juu yake kajifunika blanketi, na chini ya mkia wa lori jiko la mkaa linachemsha chai. Hapo mzigo ndio unaolipia safari, na kulala juu yake ni ulinzi pia. Kitanda kimepatikana bure kwa sababu gari lilikuwa linakuja hata hivyo. Mtalii hana mzigo wa kuuza; kila kilomita anayoibeba nyumba yake ni hasara tupu.

Pa kulala napo pana sheria yake. Usiegeshe kwenye korongo wala mdomoni mwa mkondo, hata kama mchanga wake ni laini na sawa. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilimega sehemu ya Mlima Hanang, na tope, mawe na magogo yakashuka hadi Katesh na Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Na nje ya mji, ardhi ina wenyewe. Sehemu inayoonekana pori tupu ni malisho ya Wabarbaig au shamba la Mwiraqw lililopumzishwa. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, jitambulishe, eleza utalala wapi na usiku ngapi. Vivyo hivyo Yaeda Chini kwa Wahadzabe: ofisi ya kijiji kwanza, kamera baadaye.

Je, hakuna mahali hema la paani linapotetewa? Papo. Kando ya Ziwa Balangida, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, hakuna gesti, na kuamka hapo chumvi ikimeremeta na Hanang yote ya mita 3,417 ikiwa mbele yako ni jambo ambalo chumba cha mjini hakikupi. Hata hivyo usiku mmoja kama huo unatoshwa na hema la kawaida la chini, la kununua dukani, linaloingia kwenye buti. Mahali pengine linapotamba hema la paani ni ndani ya hifadhi. Mgeni asiye wa Afrika Mashariki hulipa dola 30 kabla ya kodi kwa usiku kwenye kambi ya umma ya Tarangire au Serengeti, huku loji za humo zikienda mamia ya dola. Biashara hii ilijengwa kwa ajili ya pengo hilo, na huko inastahili kila senti. Mbulu na Hanang hakuna pengo la namna hiyo la kuziba.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa ndugu anayerudi likizo: kama safari yako ni hifadhi kwa sehemu kubwa na Hanang ni mchepuko wa siku mbili, kodi Land Cruiser la hema bila wasiwasi. Kama unakuja Mbulu na Hanang kwa ajili ya Mbulu na Hanang, njoo kiangazi na gari dogo la foo wili, spea mbili, jeki inayofanya kazi na hema la chini kwenye buti kwa usiku wa Balangida. Usiku uliobaki lala gesti. Shilingi 280,000 unazookoa kila usiku zilipe muongoza njia wa kupanda Hanang kutokea Jorodom na mama anayekupikia.