Bendi za Uingereza na za Marekani: Jasho la Nani, Hazina ya Nani?

Kila mwaka huzuka miongoni mwa wanafunzi wetu ubishi juu ya bendi za Uingereza na za Marekani. Wa upande mmoja husema Uingereza ndiyo iliyoipa dunia Beatles, Rolling Stones, Led Zeppelin na Queen. Wa upande wa pili hujibu kwamba bila Marekani hao wote wasingekuwa na cha kupiga. Sisi hatuudharau ubishi huo. Muziki ni kazi, na kila kazi ina mzalishaji wake na ina mwenye kuimiliki. Kosa la wabishi ni kupima urithi kwa bendera na kwa idadi ya santuri zilizouzwa, yaani kwa kipimo cha mwenye duka.

Tuanze kwa mzalishaji. Mwaka 1943 kijana mweusi aliyekuwa akiendesha trekta katika shamba kubwa la Stovall, jimbo la Mississippi, aliacha pamba akapanda treni kwenda Chicago. Huko alipata kibarua katika kiwanda cha karatasi, na usiku alipiga gitaa katika vilabu vya wafanyakazi wenzake. Vilabu vile vilikuwa na makelele, gitaa la kawaida halikusikika. Akashika la umeme. Huyo ndiye Muddy Waters. Sauti ambayo leo dunia nzima huiita roki ilitokana na mkulima aliyegeuka kuwa mfanyakazi wa mjini. Lakini santuri zake zilikuwa mali ya kampuni ya Chess ya Chicago, naye hakuwa na hisa ndani yake.

Katika Marekani ya wakati ule kazi ya watu kama yeye ilitengwa. Mpaka mwaka 1949 jarida kubwa la biashara ya muziki, Billboard, liliziorodhesha santuri za watu weusi chini ya jina la santuri za rangi yao. Kijana wa Kizungu wa New York angeweza kukua bila kumjua mtu aliyeishi katika nchi yake mwenyewe. Vijana wa London ndio waliozisikiliza santuri hizo kwa bidii. Mwaka 1962 baadhi yao waliunda bendi wakaipa jina kutokana na wimbo wa Muddy Waters: ndio Rolling Stones. Mwezi Juni 1964 walikwenda Chicago kurekodi katika studio ile ile ya Chess. Kabla ya hapo, tarehe 9 Februari 1964, Beatles walikuwa wameonekana kwenye televisheni ya Marekani mbele ya watazamaji wapatao milioni 73, na tarehe 4 Aprili nyimbo zao zilishika nafasi zote tano za juu katika orodha ya Billboard.

Mkulima wa pamba wa Mwanza anaufahamu mwendo huu bila kufundishwa. Pamba huondoka mbichi, hurudi ikiwa kitambaa chenye nembo ya ng'ambo, na bei hupangwa huko huko. Hata hivyo mfano huu usivutwe kupita kiasi. Marobota hayana jina la kudai. Muddy Waters alikuwa nalo, na baadhi ya wanafunzi wake wa Kiingereza walilitaja. Mwaka 1965 Rolling Stones walipoalikwa katika kipindi cha televisheni cha Shindig nchini Marekani, walitaka Howlin' Wolf, mwimbaji mwingine mkubwa wa bluzi wa Chicago, apande jukwaani pamoja nao. Mwaka 1964 Beatles walitangaza kwamba hawatapiga Jacksonville, Florida, ikiwa watazamaji watatengwa kwa rangi. Mambo haya yaandikwe katika hesabu yao.

Lakini yaandikwe na mengine. Willie Dixon, aliyewatungia Muddy Waters na Howlin' Wolf nyimbo nyingi, ilimbidi awashitaki Led Zeppelin mwaka 1985 kwa wimbo wao uliotoka mwaka 1969, na shauri likamalizwa kwa mapatano mwaka 1987. Mwaka 1976 Eric Clapton, ambaye mkate wake wote umetokana na bluzi, alisimama jukwaani Birmingham akiwa amelewa, akamsifu Enoch Powell na kutaka wageni wafukuzwe Uingereza. Jibu lilitoka kwa vijana wa Uingereza wenyewe, walioanzisha harakati za Rock Against Racism mwaka ule ule. Kwa hiyo anayesema "Waingereza" kana kwamba ni kundi moja hajafanya uchambuzi bado.

Je, Waingereza walinakili tu? La, na hapa tunatofautiana na baadhi ya wakufunzi wenzetu. Katika mji huo huo wa Birmingham, mwaka 1965, kijana wa miaka 17 aitwaye Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine katika kiwanda cha mabati. Iliarifiwa kwamba siku ile ilikuwa ya mwisho kazini. Aliyeyusha chupa ya plastiki akatengeneza vikofia vya kuvisha vidole, akalegeza nyuzi za gitaa zisimuumize, na baadaye akazishusha sauti. Mlio ule mzito uliotoka humo, ambao bendi yake ya Black Sabbath iliutoa katika santuri ya kwanza mwezi Februari 1970, haukutoka Mississippi. Ulitoka katika kiwanda cha Kiingereza na katika mwili wa mfanyakazi aliyeumizwa nacho. Huo ni mchango wa asili, nao una wafuasi dunia nzima mpaka leo.

Tugeukie umiliki. Nyimbo za Lennon na McCartney ziliwekwa mwaka 1963 katika kampuni ya Northern Songs. Mwaka 1969 kampuni ikaangukia mikononi mwa ATV, na watunzi wakashindwa kuikomboa. Mwaka 1985 nyimbo zikauzwa tena, kwa dola milioni 47.5, kwa Michael Jackson. Upande wa Marekani, John Fogerty wa Creedence Clearwater Revival alipoteza haki za nyimbo zake kwa kampuni yake ya santuri, kisha kampuni ikamshitaki kwamba wimbo wake mpya umefanana na wake wa zamani! Mwaka 1988 ilimbidi ashike gitaa mahakamani kujitetea, akashinda. Haki nyingi za nyimbo hizo alizipata mwaka 2023 tu.

Wala rangi ya mwajiri peke yake haiondoi tatizo. Berry Gordy, Mwamerika mweusi aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha magari Detroit, alianzisha Motown mwaka 1959 kwa mkopo wa dola 800 wa familia yake, akaiendesha kwa mtindo wa kiwanda. Wapigaji wa bendi yake ya studio, Funk Brothers, hawakutajwa majina kwenye santuri zake kubwa mpaka mwaka 1971. Kampuni iliuzwa mwaka 1988 kwa dola milioni 61.

Hapa hapana budi tujikosoe. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja ya kulinda utamaduni. Kupinga kasumba kulikuwa na sababu, lakini waliofungiwa mlango walikuwa wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba, watu ambao ukombozi wao tuliushangilia katika hotuba. Tulitazama nembo ya muuzaji tukamsahau mtendaji.

Kipimo kingine ni Afrika Kusini. Mwaka 1980 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliwataka wasanii waisusie nchi ya makaburu. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, katika nchi bandia ya Bophuthatswana, na chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini. Mwaka huo huo bendi nyingine ya Kiingereza, Special AKA ya Coventry, ilitoa wimbo wa kudai Mandela afunguliwe. Mwaka 1985 Mmarekani Steven Van Zandt, aliyepata kupiga katika bendi ya Bruce Springsteen, aliwakusanya wasanii kutangaza kwamba hawatakwenda Sun City. Walikuwamo Miles Davis, Run-DMC, na hata Ringo Starr wa Beatles. Na Iommi, yule mfanyakazi tuliyemsifu? Alikwenda Sun City na Black Sabbath mwaka 1987. Asili ya tabaka haikumzuia.

Mwanafunzi mmoja kutoka Unguja alituuliza kama Freddie Mercury wa Queen, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, anaweza kusomwa darasani kama msanii wetu. Tulimjibu kwamba anaweza, ila somo lianze kwa ile Oktoba 1984. Alikubali, akauliza aandike kurasa ngapi.