Uaminifu wa Milimita Tatu

Kigae kina sitara. Ukuta ukiwa umebonyea, fundi huongeza gundi nyuma ya kigae, hujaza grauti kwenye viungo, na jicho la mgeni hufuata mistari iliyonyooka lisijue kilichositiriwa nyuma yake. Zulia nalo husitiri, na hata rangi nzito husitiri kwa kiasi chake. Maikrosimenti haisitiri kitu. Ni tabaka la unene wa milimita 2 au 3 tu, lisilo na kiungo wala mstari, linalotandazwa kwa mwiko kutoka pembe moja ya chumba hadi nyingine, likapanda ukutani, likashuka ngazi, likazunguka sinki la bafuni. Kosa lolote lililoachwa chini yake litajitokeza juu, leo au baada ya masika mawili. Kwa sababu hiyo naihesabu kuwa miongoni mwa kazi za uashi zenye heshima kubwa, na fundi anayeiweza namvulia kofia.

Yenyewe ni mchanganyiko wa saruji, mchanga uliosagwa hadi ukawa vumbi, rangi ya unga, na resini inayoifanya ishike na kunyumbuka kidogo. Haibebi paa wala haiimarishi msingi. Kazi yake ni kuwa uso, basi. Wenye nyumba huipenda kwa sababu inaweza kupakwa juu ya vigae vya zamani bila kuvivunja, bila malori ya kifusi, na kwa wembamba wake mara nyingi mlango hauhitaji hata kukatwa chini. Lakini wembamba huo unaomfurahisha mwenye nyumba ndio unaomtia fundi kazini. Tabaka nene lina nafasi ya kurekebisha makosa. Hili halina.

Kwa hiyo kazi huanza siku nyingi kabla ya ndoo kufunguliwa. Fundi mzuri hupita juu ya sakafu ya zamani akigonga kigae kimoja kimoja kwa mpini wa mwiko, akisikiliza. Kilichoshika vizuri hutoa mlio mkavu, mfupi. Kilichoachia hutoa mlio wa uwazi, na hicho hung'olewa pale pale, hata kama kwa macho hakina kasoro. Mifereji ya grauti hujazwa mpaka ilingane na vigae, maana isipojazwa ramani yake yote itaonekana juu. Kama sakafu ni zege jipya, fundi hupiga hesabu ya siku 28, muda ambao kwa kawaida zege hupewa lifikie nguvu yake, kisha hubandika kipande cha nailoni sakafuni na kuziba kingo zake kwa utepe. Akirudi kesho yake na kukuta matone ya maji chini ya nailoni, hufunga mkoba na kuondoka, hata kama mwenye nyumba ananung'unika. Unyevu ulionaswa utatafuta njia ya kutoka, nao hautabisha hodi.

Nyufa nazo zina zamu yake. Sote tumefundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na wengi wetu tunaisema methali hiyo tukikusudia mambo mengine kabisa. Kwa fundi huyu ni maelekezo ya kazi. Ufa hupanuliwa, husafishwa vumbi, hujazwa, kisha juu yake hulazwa wavu wa nyuzi za kioo ili jengo likijinyoosha kidogo, mvutano usambae usije ukakusanyika mahali pamoja. Akishamaliza haya yote, chumba huwa kibaya kuliko alivyokikuta. Hakuna cha kumwonyesha jirani. Hapo ndipo thamani ya kazi yake ilipo, na ndipo wengi wanapoanza kuuliza kwa nini pesa zinakwenda na hawaoni kitu.

Kisha mwiko unaanza kusema. Tabaka la kwanza na la pili ni ya kushika, yenye chembe kubwa kidogo. Yanayofuata ni laini, na kila moja halifiki hata milimita moja na nusu. Katikati yake hupita msasa, halafu brashi, halafu kitambaa. Mwiko wenyewe ni mwembamba, unaopinda, wenye pembe za mviringo ili usichore mistari. Mwanzoni fundi huulaza karibu bapa na kuuvuta bila kukandamiza. Maji yanapoanza kuondoka, huuinua kidogo na kutia nguvu, na pale chuma kinapokandamiza zaidi rangi hukolea. Mawingu yale ya kivuli na mwanga yanayopendwa na kila aingiaye chumbani yanatoka kwenye bega la mtu, si kwenye ndoo. Rangi ikiwa nyeupe, hubadilisha chuma kwa mwiko wa plastiki, kwa kuwa chuma huacha doa la kijivu lisilofutika.

Muda wa kufanya yote haya ni mfupi, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa hufupika zaidi. Fundi huanza alfajiri, hufunga madirisha upepo usikaushe upande mmoja kabla ya mwingine, na ukuta mpana huushika na mwenzake. Wanatembea sambamba, ukingo wa mmoja ukiwa bado mbichi wa pili anapoufikia. Hawawezi kusimama katikati ya ukuta wakanywe chai, kwa sababu pale waliposimama patabaki alama miaka yote. Wawili waliozoeana hawasemezani. Kila mmoja anasikia mwiko wa mwenzake na kujua amefika wapi.

Mapenzi ya uso usio na kiungo si mageni pwani yetu. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, kuta za ndani zilijaa zidaka, safu juu ya safu, zikamaliziwa kwa chokaa laini nyeupe iliyoeneza mwanga katika vyumba visivyo na madirisha makubwa. Bafuni kulikuwa na birika lililokandikwa chokaa, likashika maji, na ndani yake wakaogelea samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu.

Chokaa ile ilidai subira kuliko saruji yoyote ya leo. Wachomaji walipanga magogo, wakarundika matumbawe juu, wakawasha moto. Kwenye joto la karibu nyuzi 900 jiwe hutoa kaboni dioksaidi iliyofungwa ndani yake. Likimwagiwa maji hufoka mvuke na kuvunjika kuwa unga. Ikishalazwa na kukandikwa ukutani, chokaa huivuta gesi ile tena kutoka hewani, polepole, mpaka inakuwa jiwe kwa mara ya pili. Mafundi wa Marrakech nao wana tadelakti yao, chokaa inayosuguliwa kwa jiwe la mtoni na sabuni nyeusi ya zeituni. Sabuni ikikutana na chokaa huzaa kitu kisichoyeyuka majini, na hamamu hudumu. Hata saruji yetu haikutoka mbali: kiwanda cha Bamburi, kilichoanza uzalishaji mwaka 1954 kaskazini mwa Mombasa, kilichimba matumbawe ya kale. Na fundi wa mtaani anayepiga niru kwenye sakafu ya chumba na sebule, akaikoleza kwa rangi nyekundu na kuisugua kwa mwiko wa chuma mpaka ing'ae, yumo katika ukoo huo huo.

Lakini ukoo mmoja haumaanishi tabia moja, na hapa ndipo ujuzi wa kweli hupimwa. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Ukiufunika kwa saruji yenye resini, maji na chumvi hunaswa ndani, lipu hupasuka, na jiwe lenyewe huanza kuoza. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na za Lamu, iliyofuata mwaka 2001, zinahitaji chokaa. Fundi mwaminifu akiitwa huko kupaka maikrosimenti atakataa kazi, atamweleza mwenye nyumba sababu, na atakosa ujira wa siku hiyo. Kujua mahali pa kutotia mkono ni sehemu ya ufundi kama kujua kushika mwiko.

Naandika haya kwa sababu tuna desturi ya kulipia kile kinachong'aa. Tunahesabu mita za mraba, tunabishana bei, tunamharakisha mtu aliyepiga magoti sakafuni kwetu, kisha uso unapopasuka tunailaumu bidhaa. Kumbe tulishamlazimisha aruke siku za kugonga, za kukausha na za kuziba, siku ambazo ndizo zilizobeba kazi yote. Ukitaka kumwajiri fundi wa maikrosimenti, usianze kwa kutazama picha za kazi alizomaliza. Muulize atafanya nini kabla ya kufungua ndoo. Akikujibu kwa neno moja, mshukuru na umtafute mwingine. Akianza kukueleza habari za unyevu, nyufa na vigae vilivyoachia, na akakutajia siku nyingi kuliko ulivyotarajia, mpe kazi, mpe siku zake zote, na umlipe hizo zisizoonekana kwa bei ile ile ya zinazoonekana.