Kukata na Kuchota: Kasoro ya Jina Moja kwa Vitendo Viwili

Miongoni mwa makosa yanayompata mfasiri wa taaluma ya kompyuta, lililo jepesi kufichika ni kulifuata jina la kigeni bila ya kukichunguza kitendo chenyewe. Mfano mmoja tunaupata katika Python, lugha ya kuandikia programu iliyotolewa mwaka 1991.

Lugha hiyo ina mfuatano, yaani orodha ambayo kila kitu ndani yake kina nambari ya mahali pake. Mtu akitaka vitu 10 vinavyofuata baada ya 900,000 vya kwanza, kompyuta huenda moja kwa moja hadi hapo, ikanakili hivyo 10, na orodha ikabaki nzima. Kitendo hicho kimezoeleka kuitwa kukata, nasi hatuna ubishi.

Mwaka 2003, toleo la 2.3 lilileta zana iitwayo islice, ambayo jina lake limeundwa kwa neno lile lile la kukata. Zana hii hukubali kitoaji chochote, yaani kitu kitoacho thamani moja moja kwa zamu. Ili kuvifikia vitu vile 10, haina budi kuvipokea na kuvitupa 900,000 vinavyotangulia. Hata ikipewa mfuatano, huuanza mwanzo vivyo hivyo. Faida yake ni kwamba haiundi orodha mpya, na hufaa pale ambapo data haina mwisho unaojulikana.

Basi tafsiri inayoviita vitendo vyote viwili kukata humpotosha msomaji. Tumfikirie karani asomaye faili la majina mstari kwa mstari. Akichukua mistari 10 ya kwanza kwa islice ili aikague, kisha akahesabu majina kwa kitoaji kile kile, hesabu yake itapungua 10, wala kompyuta haitamwonya. Aliyefundishwa kwamba kukata huiacha orodha nzima atawezaje kulitambua kosa hilo?

Kwa hiyo tunapendekeza kukata kibaki kwa mfuatano, na kitendo cha islice kiitwe kuchota. Achotaye mtungini huyakuta maji yamepungua, na ayatakaye ya chini hana budi kuyatoa kwanza ya juu. Sifa zote mbili zimo katika neno hilo, nalo halihitaji kufafanuliwa darasani. Maoni ya walimu na wafasiri watakaolijaribu yatapokelewa kwa shukrani.