Tatizo la Istilahi za Kamba za Mashua: Neno "Manila" na Wenzake

Madhumuni ya makala haya ni kuichambua rasimu ya tafsiri ya mwongozo mmoja unaohusu matumizi na utunzaji wa kamba za kisasa katika mashua ya matanga ya safari ndefu. Hatukusudii kumtaja mfasiri, wala kumbeza. Kazi yake inasomeka vizuri, sentensi zake ni za Kiswahili hasa, na sura yake ya mafundo inafaa kuigwa. Hata hivyo, mwongozo wa aina hii haupimwi kwa ulaini wa sentensi peke yake. Msomaji wake huenda akapanda mlingotini huku uhai wake ukitegemea kamba aliyoichagua kwa kufuata maneno yetu. Istilahi ikikosewa hapa, kosa halibaki karatasini.

Rasimu hiyo iliandaliwa Arusha, nasi tuliisoma Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, mahali palipo zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini. Jambo hili lisimshangaze msomaji. Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tangu wakuu wa nchi wanachama walipokubali kwamba Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya hiyo, hati za kila aina, za nchi kavu na za majini, zinatazamiwa kupita mikononi mwa wafasiri wa mji huu. Basi swali letu ni hili: mfasiri wa bara, ambaye hajapata kushika kamba ya tanga, ayapate wapi maneno ya bahari, na ajilinde vipi na maneno anayodhani kwamba anayajua?

1. Manila ya dukani na manila ya vitabuni

Tuanze na neno lililo gumu kuliko yote kwa sababu linaonekana rahisi. Mwongozo wa asili unaeleza kwamba kamba za manila huoza zikihifadhiwa mbichi, na kwamba lazima zikaushwe vizuri kabla ya kuwekwa. Mfasiri ameandika: "Kamba za manila zianikwe zikauke kabisa." Kwa sarufi hatuna la kumlaumu. Kwa maana, amempoteza msomaji.

Manila ya vitabu vya mabaharia ni kamba itokanayo na nyuzi za abaka, mmea wa Visiwa vya Ufilipino ulio jamaa ya mgomba, na ambao nyuzi zake hutolewa katika magome ya shina. Jina limetokana na bandari ya Manila, ambako nyuzi hizo zilisafirishwa. Sasa mwulize mkulima yeyote wa Akheri, au mfanyabiashara wa soko la Tengeru lililo karibu, akuonyeshe kamba ya manila. Atakuonyesha kamba ya plastiki inayong'aa, ya buluu, ya kijani au ya manjano, ile ambayo watu hufungia ng'ombe na mizigo. Magazeti yetu nayo huliandika neno hilo kwa maana hiyo hiyo. Hivyo, katika kijiji kilichozungukwa na migomba, neno lililozaliwa kuitaja kamba ya jamaa ya mgomba limekuwa jina la kamba isiyo na hata unyuzi mmoja wa mmea.

Athari yake ni hii. Kamba ya dukani iitwayo manila kwa kawaida ni ya polipropilini. Kamba hiyo haiozi kwa maji. Adui yake mkubwa ni jua, ambalo huzivunjavunja nyuzi zake hadi zikawa kama unga. Msomaji akiitii tafsiri, ataianika kamba yake juani kila siku kwa nia ya kuiokoa, na kumbe anaiua. Ushauri uliokuwa dawa kwa kamba ya kwanza umekuwa sumu kwa kamba ya pili, na kati yao pana neno moja tu.

Hatudai kwamba watu sokoni waache kusema manila. Neno ni lao na kwao lina maana moja isiyowatatiza. Tunachodai ni kwamba lisitumike peke yake katika maandishi ya kiufundi. Kamba ya asili na iitwe kamba ya abaka, na ile ya dukani itajwe kwa jina la malighafi yake.

2. Si kila kamba ya kisasa ni nailoni

Baada ya kulitumia neno manila kwa kamba ya mmea, rasimu inaziita kamba zote za viwandani "nailoni". Kosa hili ni pacha wa lile la kwanza. Nailoni ilivumbuliwa Marekani mwaka 1935 na Wallace Carothers wa kampuni ya DuPont. Poliesta ya nyuzi ilipatikana Uingereza mwaka 1941 kwa kazi ya John Whinfield na James Dickson. Polipropilini ilifuata nchini Italia mwaka 1954 kwa kazi ya Giulio Natta. Hizi ni nyuzi tatu zenye tabia tatu.

Nailoni hurefuka sana inapovutwa, hata zaidi ya asilimia 15 kabla ya kukatika, kisha hurudi. Kwa hiyo yafaa kwa amari, yaani kamba ya nanga, kwa kuwa huyapokea mapigo ya mawimbi bila kuing'oa nanga. Lakini tanga likipandishwa kwa nailoni, upepo ukizidi kamba hurefuka, na tanga hulegea wakati ule ule linapotakiwa kukaza. Poliesta hurefuka kidogo tu, nayo ndiyo ifaayo kupandishia tanga. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, huelea, kwa hiyo yafaa kumtupia mtu aliyeanguka majini. Siku hizi ipo pia polietilini ya nguvu kubwa, iuzwayo kwa majina kama Dyneema, ambayo mabaharia wengine huitumia mahali pa nyaya za chuma zinazoushikilia mlingoti. Mfasiri aliyeziita zote nailoni amemfutia msomaji uchaguzi ambao mwongozo mzima uliandikwa kumfundisha.

Kwetu Tanzania suala la malighafi za kamba si la bahari tu. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miaka ya mwanzo ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Nyuzi za viwandani, hasa polipropilini, ni miongoni mwa sababu kuu zilizoiangusha bei ya katani. Taifa lililoguswa kiasi hicho na nyuzi hizo lisishindwe kuzipa majina.

3. Sanda na shuka

Sura ya tatu ya rasimu ilitufanya tucheke kwanza na kusikitika baadaye. Kamba zinazoushikilia mlingoti ubavuni zimeitwa "sanda za mlingoti", na kamba inayoongoza pembe ya tanga imeitwa "shuka kuu". Chanzo cha makosa kinajulikana: kwa Kiingereza maneno ya kamba hizo yanafanana na maneno ya sanda na ya shuka, na mfasiri alifungua kamusi mahali pa kwanza akaishia hapo.

Yanayosikitisha ni kwamba maneno yapo. Pwani yetu ina istilahi za tanga zilizokomaa karne nyingi, na Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 imehifadhi nyingi kati yake. Kamba inayoongoza pembe ya chini ya tanga ni demani. Kamba ya kupandishia tanga ni henza. Katika jahazi, henza ni kamba nene ishikayo foromali na kupita juu ya mlingoti, na jarari ni ile ipitayo katika kapi na kuvutwa na mabaharia. Kamba iliyoshonewa ukingoni mwa tanga ni dasi. Maneno haya hutaja kazi ya kamba, wala hayategemei kamba imetengenezwa kwa nini. Henza ya kumbi la nazi ilikuwa henza. Ya poliesta nayo ni henza. Kwa hiyo si kweli, kama wadaivyo baadhi ya wafasiri, kwamba maneno ya jahazi yamepitwa na wakati. Kilichobadilika ni malighafi, na hapo ndipo tunapohitaji kukopa. Kazi haikubadilika, na hapo hatuna haja ya kukopa.

Kwa kamba za ubavuni hatupendekezi jina la fahari. "Kamba za kushikilia mlingoti" linatosha, nalo litaeleweka Kilwa na Akheri vile vile.

4. Bandia, kutambaa na kufunga

Rasimu imeziita kamba za viwandani kwa jumla "kamba bandia". Kwa Kiswahili cha leo kitu bandia ni kitu cha kughushi: noti bandia, dawa bandia. Mtumishi wa serikali akiandika katika kanuni za ukaguzi kwamba kamba bandia zinaruhusiwa, ataonekana anahalalisha ulaghai. Tunapendekeza "kamba sanisi", kwa kuwa shina hilo limekwisha kuzoeleka shuleni katika neno usanisinuru.

Tena, imeandikwa kwamba polietilini ya nguvu kubwa "hutambaa". Hapa neno la kawaida la Kiingereza limetafsiriwa badala ya dhana. Maana yake ni kwamba kamba ikibeba uzito mkubwa kwa muda mrefu hurefuka polepole na hairudi tena. Tuseme "mrefuko wa kudumu", ili uachane na "mnyumbuko", ambao ni urefukaji wenye kurudi.

Kosa la mwisho ndilo la hatari zaidi. Mwongozo unaagiza kwamba ncha ya kamba hiyo isifungwe fundo, kwa sababu nyuzi zake ni telezi na fundo huweza kufunguka lenyewe. Tena fundo huweza kupunguza nguvu ya kamba hata kwa nusu. Badala yake, ncha irudishwe na kusukiwa ndani ya kamba yenyewe. Mfasiri ameandika "ncha ifungwe vizuri". Agizo limegeuzwa kinyume. Hata hapa lugha haikukosa njia: tuna kusokota, ambako nyuzi huzungushwa pamoja, na kusuka, ambako hupishanishwa. Rasimu imeyachanganya mawili hayo, ingawa mtoto yeyote aliyepata kusokota kamba ya katani na kumtazama dada yake akisukwa nywele anaijua tofauti.

5. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza kila kamba itajwe kwa mpango wa mambo matatu: kazi, malighafi na utengenezaji wake, kwa mfano "henza ya poliesta ya kusukwa" au "amari ya nailoni ya kusokotwa". Na maneno yawe haya:

Amari: kamba ya nanga.
Demani: kamba ya kuongozea pembe ya chini ya tanga.
Henza: kamba ya kupandishia tanga.
Kamba ya abaka: ile iitwayo manila katika vitabu vya zamani.
Kamba sanisi: kamba yoyote ya nyuzi za viwandani.
Kusukia: kuirudisha ncha ndani ya kamba bila fundo.
Mnyumbuko: urefukaji wenye kurudi.
Mrefuko wa kudumu: urefukaji usiorudi.

Tumemshauri mfasiri airudie kazi yake akiwa na fundi wa mashua kando yake, hata kama itambidi ashuke Tanga au Bagamoyo kwa siku chache. Kamusi itampa neno, na fundi atamwonyesha kamba yenyewe. Kimoja bila kingine hakitoshi. Kwa wasomaji wetu, hasa walimu wa pwani na mabaharia wanaojua majina tusiyoyataja hapa, tunawaomba watuandikie kabla orodha hii haijapelekwa kusanifiwa. Itakuwa aibu kwetu kuwabunia jina jipya watu ambao kamba yenyewe wanayo mkononi na jina lake wanalo kinywani.