Gĩkũyũ Hakuwa na Mtoto wa Kiume

Kuna jambo moja katika hadithi ya Gĩkũyũ na Mũmbi ambalo sisi tuliokulia Nyeri tunalijua tangu nasari na bado hatujawahi kulikalia chini. Mzee Gĩkũyũ alizaa mabinti watupu. Tisa, ama kumi ukihesabu yule wa mwisho, na kijana hata mmoja hakuna. Sasa chukua hadithi hiyo umpelekee mtu wa maabara anayefuatilia nasaba za akina baba kwa kromosomu Y, ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume peke yake. Hatasumbuka sana. Mstari wa Gĩkũyũ uliishia kwa Gĩkũyũ. Hakuna mwanamume Mkikuyu, awe wa Othaya, Karatina ama Githurai, anayeweza kuwa na Y yake. Kama hadithi ni kweli, Y tulizo nazo ni za wageni waliokuja kuoa.

Nimekuwa na wazo hili tangu niliposoma tena Kenda Mũiyũru ya Ngũgĩ wa Thiong'o, utenzi wake wa 2018 ambao aliutafsiri mwenyewe kwa Kiingereza mwaka wa 2020 kama The Perfect Nine. Mwaka uliofuata tafsiri hiyo iliingia katika orodha ndefu ya tuzo ya kimataifa ya Booker. Ngũgĩ alipofariki Mei 2025, kila mtu kwa mtandao alikuwa anaweka picha za Petals of Blood na Caitaani Mũtharabainĩ. Huu utenzi ulipitwa hivi hivi, na mimi naona ni kwa sababu tunadhani hadithi yake tunaijua tayari.

Hatuijui. Kwa Ngũgĩ wachumba wanaokuja ni 99, na wanatoka kila upande. Wanawekwa majaribuni, wanapanda mlima kutafuta unywele wa zimwi utakaomponya Warigia, binti wa mwisho ambaye miguu yake haina nguvu, na njiani wanazidi kupungua. Mabinti ndio wenye jina, ndio wenye akili, ndio wenye mshale. Hapo kitabu ni kitamu. Lakini nina lalamiko. Mabinti wamekamilika mno, hadi unatamani mmoja wao adanganye ama alale hadi saa nne. Na wachumba wanapita haraka mno. Mse anatoka mbali, anafika, anashindwa, anaondoka. Mimi nilitaka kukaa nao. Manake ukifuata damu ya upande wa baba, hao ndio sisi.

Ona basi sayansi inasema nini. Wanaume wengi Wakikuyu wako katika kundi la Y linaloitwa E-M2, ambalo utalikuta kwa wasemaji wa lugha za Kibantu kutoka Kameruni hadi Afrika Kusini. Hiyo ni safari ndefu ya wakulima iliyoanza zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, karibu na mahali ambapo leo Nigeria na Kameruni zinapakana. Ila si wote. Baadhi wako katika matawi ya E-M35, ambayo yanaelekea kaskazini, kwa wafugaji. Mwaka wa 2019 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa mifupa ya watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania. Wanaume wengi wa zama za wafugaji wa kwanza, waliozikwa Bonde la Ufa, ng'ambo tu ya Nyandarua kutoka kwetu, walikuwa na tawi moja la huko, E-M293. Kwa hivyo wachumba walitoka pande mbalimbali kweli. Ngũgĩ hakuhitaji maabara kulijua hilo. Jina la Nanyuki ni la Kimaasai, na hakuna familia ya Nyeri isiyo na nyanya mmoja wa Kimaasai anayetajwa kwa sauti ya chini.

Linganisha na pwani. Mwaka wa 2023 jarida la Nature lilitoa matokeo ya DNA ya watu 80 waliozikwa miji ya Waswahili kama Manda, Mtwapa na Kilwa. Upande wa baba, wengi walikuwa na nasaba za Asia, hasa Uajemi. Upande wa mama, karibu wote Waafrika. Wazee wa pwani walikuwa wakisema siku zote kwamba walitoka Shirazi, na wasomi wengi walikuwa wakiwacheka. Kumbe kulikuwa na kitu. Lakini pia kumbe walikuwa wakisimulia nusu: walimtaja baba aliyeshuka jahazini, yule mama aliyekuwa amesimama ufuoni wakamwacha nje. Sisi wa mlimani tulifanya kinyume. Tukawaweka akina mama kwa jina la ukoo, Anjirũ, Ambũi, Angarĩ, kisha tukarithishana shamba kupitia kwa baba.

Jomo Kenyatta ameeleza jinsi mambo yalivyofika hapo, katika Facing Mount Kenya ya 1938. Anasema wanawake walikuwa watawala, na wanaume wakala njama: wakawapachika mimba wote kwa wakati mmoja, kisha wakapindua serikali. Walipotaka kubadilisha pia majina ya koo, wanawake wakakataa kata kata na kutishia kutozaa tena. Wanaume wakarudi nyuma. Kenyatta anaisimulia bila haya, kana kwamba ni mbinu nzuri ya kisiasa, na kila nikiisoma nashangaa kwamba tunafundisha watoto sehemu ya mti wa mũgumo tu. Hii nyingine ndiyo inayoeleza kwa nini jina na shamba havitembei pamoja.

Kwangu hili si la kusoma tu. Nililelewa na mathe peke yake, kwa boma la guka. Niliporudi nyumbani baada ya kuacha chuo, kukawa na mkutano wa familia kuhusu kugawa shamba, na mjomba mmoja akasema niende nikapimwe DNA nijue kwetu ni wapi. Watu wakacheka. Sikucheka. Lakini kipimo anachokitaja hakiwezi kunijibu. Ukirudi vizazi kumi nyuma una mababu na mabibi 1,024, na Y inakuonyesha mmoja. Mmoja! Wengine 1,023 wamenyamaza. Tena hifadhidata za kampuni za vipimo zimejaa Wazungu, kwa hivyo kijana wa Nyeri akituma mate anarudishiwa herufi na tarakimu, na ramani yenye mshale mnene.

Ila hapo Nanyuki, mwendo wa saa moja hivi kwa matatu, ujazo huo wa Wazungu umegeuka kuwa faida. Vijana waliozaliwa na wanajeshi wa Uingereza wanaofanya mazoezi pale walitoa mate, wanasheria na wanasayansi wakatafuta binamu zao kwenye hifadhidata hizo hizo, na baadhi ya akina baba wakapatikana. Hapo DNA inafanya kazi ya maana: mtu aliye hai anatafuta mtu aliye hai, kwa sababu kuna karo na kuna jina. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya malezi ya wazazi wote wawili, wawe wameoana ama la. Ukishapewa E-M2 utaishtaki kwa nani?

Narudi kwa Warigia, ambaye kwa masimulizi mengi pia huitwa Wamũyũ. Hesabu ya Kikuyu huwakwepa kumi. Tunasema tisa iliyojaa, na yeye ndiye anayeijaza. Ngũgĩ amempa sehemu nzuri kuliko wote, na unaona anampenda. Lakini masimulizi ya cucu wengi yana jambo ambalo ningependa Ngũgĩ alifanyie kazi zaidi: kwamba Wamũyũ hakuolewa. Alizaa akiwa kwa baba yake, watoto wakabaki pale pale, na ukoo wa Aicakamũyũ ukatoka kwao. Mila yenyewe ilimhesabu mtoto wa binti asiyeolewa kuwa wa boma la guka wake. Mjomba ni wa Aicakamũyũ.