Kiti cha Hadhira na Jukwaa la Mchekeshaji

Baadhi yetu hudhani kwamba mtu mwenye nia ya kupanda jukwaani hawezi kuufurahia uchekeshaji wa mwingine. Husemwa kwamba akili yake inashughulika kupima, na moyo wake umejaa wivu, hata kicheko kinamkwama kooni. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba fikira hiyo haipatani na mapokeo yetu, na kwamba kicheko cha dhati ndicho darasa la kwanza la mchekeshaji.

Katika fasihi simulizi, mpaka baina ya fanani na hadhira haukuwa ukuta. Mtambaji aliposema "Paukwa", hadhira ilijibu "Pakawa", ndipo hadithi ikaanza. Katika utani vilevile, anayetaniwa leo ndiye atakayetania kesho. Safu za viti na tiketi za mlangoni ndizo zilizotuzoesha kuamini kwamba wengine wamezaliwa kusema na wengine kusikiliza tu.

Katika uchekeshaji wa jukwaani wa siku hizi, mtu mmoja husimama na kipaza sauti, bila maleba wala mwenzi wa kujibizana naye. Mwenzi wake ni hadhira. Tuchukue mfano wa Kenya. Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie walitoka miongoni mwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, wakaunda kikundi cha Redykyulass. Mong'are alisifika kwa kumwigiza Rais Daniel arap Moi, ambaye alikuwa bado madarakani. Aliondoka mwaka 2002. Katika nchi iliyokuwa ya chama kimoja kisheria tangu 1982 hadi 1991, kumcheka rais hadharani halikuwa jambo dogo. Lakini hapana awezaye kuigiza sauti asiyoisikiliza kwanza. Kabla ya kuwa fanani, mwigaji huyo alikuwa hadhira makini.

Basi kijana mwenye nia asikilize nini? Kwanza acheke, kwa maana asiyecheka hajui kichekesho kilimgusa wapi. Kisha ajiulize kwa nini alicheka. Atagundua kwamba mchekeshaji hodari hutulia kidogo kabla ya neno la mwisho. Akiharakisha, kicheko hufa. Atagundua pia vichekesho vilivyo rahisi mno, hasa vile vinavyotegemea lafudhi ya kabila fulani na kuishia hapo. Hivyo huchekesha ukumbi, lakini havitufunulii lolote kuhusu maisha yetu.

Hata hivyo, ziko hatari mbili. Ya kwanza ni kuazima vichekesho vya mwingine, navyo havimkai muazimaji, mithili ya kanzu ya mtu mrefu. Ya pili ni kubaki kitini mwaka hata mwaka, mtu akijifariji kwamba bado anajifunza. Nia isiyojaribiwa huchacha, na ndipo wivu unapozaliwa.

Hatuna budi, sisi walimu, kuwapa wanafunzi dakika tano mbele ya wenzao, darasani au katika tamasha la shule, waseme kuhusu bweni lao, soko lao na daladala wanazozipanda. Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Atakayekosea mbele ya hadhira ndogo inayompenda, kesho atamcheka mwenziwe bila kijicho.