Mafuvu ya Zege, Njia Panda ya Olduvai

Ukitoka Karatu, ukapita lango la Lodoare, ukauzunguka ukingo wa kreta na kuteremka kuelekea Serengeti, utayakuta njia panda ya Olduvai: mafuvu mawili ya zege juu ya kitako kikubwa, kila moja futi 6, tani 5. Yaliwekwa Julai 2019, miaka 60 tangu Mary Leakey alipoliona fuvu la Zinjanthropus. La pili ni Homo habilis. Aliyeyafanya ni Festo Kijo, na mkono wake sina ubishi nao.

Ubishi wangu uko kwenye zege lenyewe. Tani tano zimeamriwa zijifanye mfupa! Kumbe ardhi ile ina kisa chake cha zege. Kule Laetoli, kusini ya Olduvai, miaka milioni 3.6 iliyopita volkano ilimwaga majivu, mvua ikayalowanisha, viumbe wakapita kwa miguu miwili, majivu yakashika kama saruji. Fundi yeyote wa Karatu atakwambia zege halikauki kama tope. Linashikana na maji, ndiyo maana analimwagilia siku kadhaa. Nyayo zikabaki, bila mchongaji.

Mimi ningejenga banda dogo tu. Kuta bila plasta, alama za mbao za boksi zionekane, sakafu ikanyagwe na watu ingali mbichi, na paa lenye kivuli cha kutosha. Mtalii akae, mchungaji naye akae. Mafuvu yanampa mtu picha, basi, gari linaondoka.

Halafu kuna huyo mchungaji. Mwaka uleule wa 1959 ndipo Hifadhi ya Ngorongoro ilipoanzishwa, Wamasai wakaendelea kuishi humo na mifugo yao. Lakini kujenga nyumba ya kudumu humo kuna vizuizi, na tangu 2022 wanaokubali kuhamia Msomera, Handeni, ndio wanaokabidhiwa nyumba za matofali ya saruji. Yaani marehemu wa miaka milioni 1.75 kamwagiwa zege bila taabu. Aliye hai alifuate Tanga. Sanamu lililosimama mahali kama pale halina ruhusa ya kunyamaza hivyo.

Ukipita huko, ndugu yangu, teremka garini. Kizunguke kile kitako, utafute pa kukaa.